Kuku wa Kukombolea Baiskeli

Kitu cha kwanza nilichokitambua kwa yule mtu hakikuwa sura yake. Kilikuwa kibati cha leseni kilichofungwa kwenye baiskeli yake. Katika miaka ya hamsini kila baiskeli ilipaswa kuwa na kibati, na kila wilaya ilikuwa na chake. Vya kwetu Mbeya nilivijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiviandika katika daftari la baraza pale Mbalizi. Chake kilikuwa cha Iringa, tena cha mwaka uliopita.

Sikumwuliza. Nilikuwa karani, na karani akianza kuuliza maswali ambayo hajatumwa, watu huacha kumwambia mambo. Niliandika tu pembeni mwa daftari langu: "Baiskeli nyeusi ya kiume, taa ya dinamo, Iringa." Kisha nikaendelea na kesi ya mbuzi.

Mwenye baiskeli alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyezoea milima. Alisema ni Mngoni, kwao Songea, na kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Mufindi. Kwa nini aliondoka huko hakusema, na kwa nini alichagua Mbalizi hakusema pia. Kazi aliyojitafutia ilikuwa kushusha viazi kutoka milima ya Umalila mpaka sokoni: magunia mawili nyuma, moja katikati ya fremu, na yeye mwenyewe pembeni akisukuma au akizuia, kulingana na mlima unavyotaka. Kabla yake viazi vilishuka vichwani mwa wanawake. Kwa hiyo alipendwa haraka, na waliotangulia kumpenda ni wenye vichwa hivyo.

Mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa kitindamimba katika nyumba ya babu, mdogo wake baba. Aliolewa Utengule, akarudi baada ya miaka minne akiwa na sufuria zake zote, mablanketi yake yote, na sababu ambazo hakuzitoa. Baba alimpa chumba cha nyuma na kipande cha shamba. Tangu hapo walikuja wanaume watatu kumposa. Wa kwanza aliambiwa kwamba sauti yake inachosha. Wa pili aliulizwa mke wake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani, akajibu, akaambiwa asante. Wa tatu alikuwa mwinjilisti. Huyo alipewa chai.

Mapenzi ya shangazi na Mngoni, kwa kadiri nilivyoyaona, yalianzia kwenye mdomo wa gunia. Shangazi alikuwa akishona magunia yake kwa kamba ya mkonge, na alishona vibaya. Kila gunia lilifika sokoni likiwa limetapika njiani. Siku moja Mngoni alilifumua gunia lote mbele yake bila kuomba ruhusa, akalishona upya kwa fundo ambalo ukivuta ncha moja mshono wote unaachia.

"Nani kakwambia ufumue?" shangazi aliuliza.

"Viazi."

"Viazi vyangu vinaongea na wewe?"

"Vinalalamika, mama. Vinasema vinaanguka kila siku pale darajani na mwenyewe hageuki nyuma."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unaviokota."

"Ndiyo."

"Viko wapi?"

"Nimevila."

Shangazi alimtazama, kisha akalitazama lile fundo. Alivuta ncha, gunia likafunguka. Akamwambia alishone tena, na kesho aje mapema. Nimeishi na shangazi nyumba moja miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mwingine yeyote aje mapema.

Baada ya miezi kadhaa Mngoni alikuja kwa baba. Alivaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kuliko ya kwake. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu asiyependa maneno kupotea.

"Umekuja na nani?" baba aliuliza.

"Peke yangu, mzee."

"Mtu haji kuposa peke yake. Peke yake mtu huenda chooni."

"Wazazi wangu wamekufa. Na Songea ni mbali."

"Sikwambii ulete marehemu. Nataka mtu mmoja ambaye umekula naye, aje akae hapa, aniambie wewe ni mtu wa namna gani. Akisema mbaya, nitajua. Akisema mzuri, nitajua. Lakini mtu asiyesemewa na mtu, huyo simwachii hata mbuzi."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mposaji aliweza kukosa mali na akavumiliwa, ila hakuweza kukosa wa kumsemea. Mngoni alisema amesikia, akarudisha koti.

Kesho yake mchana alinijia barazani, watu wakiwa wameshatawanyika. Aliiegemeza baiskeli dirishani, kibati kikinielekea, nadhani kwa makusudi.

"Karani, wewe kibati ulishakiona."

"Nilikiona siku uliyofika."

"Na hukusema."

"Sikuulizwa."

Akaketi kwenye benchi ya washtakiwa, ingawa ya mashahidi ilikuwa wazi, akanieleza habari yake.

Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu wamebaki kutukanana. Mhehe akifiwa, mtani wake Mngoni huenda kuchimba kaburi, kupasua kuni na kufagia, na zaidi ya yote huenda kuwachekesha wafiwa, watake wasitake. Hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Humwigiza marehemu. Hunyakua kitu cha mfiwa akakimbia nacho, na mfiwa hana budi kukikomboa, mara nyingi kwa kuku. Ni mchezo, lakini pia ni kazi, na kila mtu pale msibani anajua yote mawili.

Mnyapara wake kule kwenye chai alikuwa Mhehe. Baba wa mnyapara alipofariki, kijijini kwao karibu na Iringa mjini, lori la shamba liliwapeleka wafanyakazi kuzika. Mngoni alifanya kazi yake ya utani yote. Alichimba, akalala kaburini, akamwigiza marehemu, ambaye alimfahamu vizuri kwa sababu mzee aliwahi kukaa kambini kwa mwanawe msimu mzima. Halafu akainyakua baiskeli ya mnyapara na kutangaza kwamba hairudi bila kuku. Watu walicheka. Akaizungusha uwanjani mara moja, mara mbili, kisha akatokea barabarani. Barabara pale inateremka kwenda mto Ruaha.

"Nilisema nitageukia mtoni," alisema.

"Ukageuka?"

"Mtoni kuna kivuli, nikapumzika. Hakuna aliyenifuata. Nikasema, basi wanatafuta kuku."

"Halafu?"

"Halafu nikakumbuka kwamba kesho yake stoo ya shamba itakaguliwa."

Hapo ndipo alipotaja mablanketi. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa amechukua mablanketi mawili mapya kutoka stoo ya shamba. Mufindi mwezi wa saba maji huganda kwenye ndoo, na blanketi alilopewa lilikuwa na matundu ya kutosha kutoa vichwa viwili. Alijua wakikagua watamfikia. Kwa hiyo pale mtoni alipanda baiskeli, na hakuielekeza msibani. Siku ya tatu, akiwa Nyololo, utingo wa lori alimwambia kwamba polisi wa Iringa wanamtafuta Mngoni mwenye baiskeli nyeusi. Alimshukuru kwa habari, akaendelea na safari kwa njia za porini.

"Mablanketi niliiba," alisema. "Hilo liandike hivyohivyo. Lakini baiskeli, karani, mpaka leo sijui."

Nilifikiri. Katika vitabu vya sheria vilivyokuwa kabatini mwangu hapakuwa na neno lolote kuhusu kuku.

"Unataka nikufanyie nini?" niliuliza.

"Uandike barua kwa mwenzangu mmoja wa kambini. Aje anisemee, aseme kwamba baiskeli nilinunua."

Nilimwambia kwamba sina mwandiko wa kuandikia barua ya namna hiyo, na kwamba kabla ya barua yoyote amwambie shangazi. Akachukua baiskeli akapanda mlimani.

Jioni ile shangazi alirudi kutoka shamba na jembe lenye udongo. Hakuwahi kulirudisha jembe bila kulisafisha. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Mwanangu, mwandikie huyo mnyapara."

"Shangazi, ataleta polisi."

"Akileta, wataletwa. Hapo atafungwa mtu ninayemjua. Sasa hivi nikiolewa ninaolewa na nani? Na baiskeli ya watu? Niliwahi kuolewa na mtu mwenye siri. Mara moja inatosha."

Basi tukaandika barua kwa mnyapara. Mngoni alisema maneno, mimi nikayapanga. Ilikuwa fupi: Mtani wangu, salamu. Niko Mbalizi, Mbeya. Baiskeli yako ninayo, nzima. Nimesubiri kuku mwaka mmoja na zaidi. Kuku yuko wapi? Pia ninataka kuoa, na sina mtu wa kunisemea. Alipiga dole gumba chini yake. Niliweka anwani yetu kamili juu upande wa kulia, kwa kuwa sijui kuandika barua isiyo na anwani, na nakala nikaiweka kwenye jalada.

Shangazi alimweleza baba kila kitu. Baba alisema, "Vema. Anayekuja atamsemea, hata kama amekuja na pingu."

Tulisubiri wiki sita. Mambo yaliyoweza kutokea yalikuwa mawili na kila mtu nyumbani aliyajua, kwa hiyo hakuna aliyeyataja. Mngoni aliendelea na viazi. Siku moja asubuhi, wakati anafunga magunia, shangazi alinyoosha mkono kuelekea upande wa Tunduma, kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni kisima.

"Barabara ile pale," alisema.

"Naiona, mama."

"Mpakani si mbali. Kwa baiskeli ni siku mbili."

"Moja na nusu," alisema Mngoni, akageuza baiskeli na kuanza kuisukuma kupanda mlima, kwenda kufuata viazi vingine.

Mnyapara alifika Jumamosi, saa saba mchana. Alikuja kwanza barazani, akamtafuta mwenye mwandiko. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa kabuti la vita, na kwapani alikuwa na kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Katika mfuko wa kifuani ilichungulia bahasha ya kaki ya serikali. Bahasha za namna ile zilipita mezani kwangu kila wiki, na sikuhitaji kuisoma kujua kwamba ndani yake kuna hati ya kumkamata mtu.

"Umekuja na kuku au na polisi?" nilimwuliza.

"Nimekuja na vyote. Nikishamwona nitajua cha kutoa."

Nilimpeleka nyumbani. Baba alimpa kiti, shangazi alikuwa uani akimenya viazi, na Mngoni akaitwa. Hapa lazima nieleze jambo moja. Watani hawasalimiani kwa adabu. Matusi ndiyo salamu yao. Kama mnyapara angemtukana, utani wao ulikuwa hai, na mtani hamfungi mtani wake. Kama angemsalimu kwa heshima, utani ulikwisha, na kilichobaki ni bahasha. Sisi Wamalila hatukuhusika na utani wao, lakini kanuni hiyo tuliielewa wote.

Mngoni aliingia uani akiisukuma baiskeli. Alimwona kuku, akaiona bahasha.

"Mhehe," alisema, "naona umebeba chakula chako mwenyewe. Mbwa wamekwisha kwenu?"

Tulimgeukia mnyapara.

"Habari za siku nyingi, bwana," alisema mnyapara. "Natumaini hujambo."

Baba aliinamisha kichwa. Kisu cha shangazi kilisimama katikati ya kiazi.

Mnyapara aliomba kuikagua baiskeli. Alipima mnyororo kwa kidole, akajaribu breki, akazungusha gurudumu ili taa iwake. Alilitikisa karia la mti ambalo Mngoni alilichonga kwa ajili ya magunia, halikutikisika.

"Umeitunza vizuri, bwana," alisema. "Asante sana."

Asante ilikuwa mbaya kuliko habari za siku nyingi.

Tulikula. Mnyapara aliyasifu maharage, akavisifu viazi, akaulizia hali ya mvua. Mngoni alijaribu tena. Alisema Wahehe wamerefuka kwa sababu ya kuchungulia vyungu vya majirani. Mnyapara akasema huenda. Alisema mnyapara huyu alipewa cheo kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuhesabu vidole vyake. Mnyapara akaomba chumvi, tafadhali. Nilikuwa nikiyahesabu yale matusi kimyakimya. La nne lilikuwa hili:

"Kuku mmoja anakuchukua mwaka mzima? Ungetaga mwenyewe ungewahi."

Mnyapara aliweka sahani chini.

"Baiskeli si neno," alisema, na alikuwa akimwambia baba, si Mngoni. "Nilishanunua nyingine. Huyu bwana aliondoka kabla kaburi halijafukiwa. Watu walikuwa wanacheka, wanamngoja ageuke. Tukasema tusubiri kidogo. Kicheko kikaisha, yeye hakuonekana. Basi tukafukia kimya. Siku ya kumaliza matanga hakuna mtani, hakuna aliyefagia majivu, watu wakatawanyika kama wanaotoka mahakamani. Na baba yangu alikuwa mtu wa kucheka." Alifuta mikono. "Nilikwenda polisi kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Wakaniuliza kilichopotea ni nini. Fomu yao ina nafasi ya vitu tu, nikasema baiskeli."

Kuku alijitikisa chini ya kiti.

Mngoni aliinuka. Alikwenda ukutani akachukua fimbo ya baba bila kuomba, kama alivyofanya na gunia. Akaukunja mgongo. Akaanza kutembea uani, mguu wa kushoto ukiuomba ruhusa ule wa kulia, akisimama kila baada ya hatua tatu kukohoa, kisha kutazama nyuma kama mtu aliyesingiziwa kikohozi cha mwingine. Sikumfahamu marehemu, lakini baada ya mzunguko mmoja ningeweza kumtambua njiani. Alipofika mbele ya mnyapara alisimama, akaelekeza fimbo kwenye sahani.

"Huyu mwanangu," alisema kwa sauti ya kizee, yenye mikwaruzo, "anasimamia watu mia mbili kwenye chai. Watu mia mbili wanamwogopa. Lakini kumwambia mkewe apunguze chumvi, hawezi. Mpaka nife mimi kwa kiu."

Mnyapara alijifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika. Sikuweza kujua anacheka au analia. Jioni, nilipoandika habari za siku ile, niliandika yote mawili. Mngoni hakuacha. Alimaliza mzunguko wa pili, akaenda mafigani, akachukua ufagio, akayafagia majivu ya jiko letu mpaka nje ya ua. Kisha akarudisha fimbo mahali pake.

Mnyapara alisimama.

"Mngoni mwizi wewe," alisema.

Shangazi alirudia kumenya viazi.

"Mtoro, mwana wa watoro. Babu zenu walikimbia kutoka kusini kote, wakasimama Songea kwa sababu pumzi iliwaishia. Umelala kwenye kaburi la baba yangu ukakoroma. Una miguu ya meza. Mablanketi ya kampuni umeyafanya urithi. Unafunga fundo zuri lakini uongo wako mtoto anaufumua. Na mwaka ule wa homa, mjinga wewe, ulichuma mistari yako ya chai na ya mwenzako aliyekuwa amelazwa, mpaka ukaanguka nikakubeba mgongoni, na ulikuwa unanuka."

Baba aliinua mkono.

"Inatosha," alisema. "Amesemewa."

Mnyapara akatoa kuku chini ya kiti na kumkabidhi Mngoni. Mngoni alimpokea kwa mikono miwili, akakaa naye kwa muda uliotosha awe wake, kisha akamgeukia baba na kumkabidhi huyohuyo.

"Hodi, mzee," alisema.

Baba alimpima uzito. "Karibu."

"Kwa hiyo naposwa kwa kuku wa Mhehe," alisema shangazi.

"Ana mafuta, shemeji," alisema mnyapara.

Bahasha alinipa mimi kwa kuwa nilikuwa na kabati. Mashtaka yenyewe alisema atakwenda kuyafuta Iringa kwa mdomo wake. Nilidhani mambo yamekwisha. Shangazi aliingia chumbani kwake, akatoka na mablanketi mawili aliyorudi nayo kutoka Utengule, yakiwa yamekunjwa vizuri.

"Haya ni ya stoo yenu," alimwambia mnyapara.

"Ya stoo yalikuwa ya kijivu, shemeji. Haya ni mekundu."

"Waambie yamefuliwa."

Jumatatu tulimsindikiza mnyapara Mbeya mjini kwenye basi la Iringa. Baiskeli ilikuwa imekombolewa, kwa hiyo ilikuwa yake tena. Mngoni mwenyewe alipanda juu ya basi kuifunga.

"Usinifungie kwa lile fundo lako," mnyapara alimwambia kutoka chini. "Likiachia itakurudia yenyewe."

"Ikinirudia, leta kuku mwingine."

Basi liliondoka, mnyapara dirishani na mablanketi mapajani. Mngoni alibaki akitazama baiskeli inavyopungua mpaka ikawa kitu kimoja na mizigo ya watu wengine. Kisha tukarudi Mbalizi kwa miguu, na siku iliyofuata ilikuwa ya soko.

Niliwakuta darajani asubuhi nikienda kazini. Mngoni alikuwa ametangulia na gunia zima kichwani, shingo imezama mabegani. Shangazi alimfuata nyuma na la kwake. Wanawake waliokuwa wakipumzika pale, wale wenye vichwa vilivyokuwa vimeanza kuzoea raha, waliwatazama wakipita, na mmoja akauliza baiskeli imekwenda wapi.

Mngoni hakuweza kugeuka.

"Imekombolewa," alisema shangazi.